Mhariri, hao "wengineo" wana majina yao

Ndugu Mhariri,

Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, gazeti nalisoma kwenye simu kila asubuhi kabla sijatoka kitandani, na Jumapili iliyopita mlinifurahisha halafu mkaniumiza kwenye ukurasa huohuo mmoja. Mlinifurahisha manake sikutegemea kabisa kukuta ukurasa wa burudani wa gazeti la Kiswahili umempa nafasi kubwa namna ile mtunzi wa Americana, tena sio wa kwenye lebo kubwa, ni dada anayejitegemea, anatoa albamu kwa hela yake mwenyewe na anaziuza mwenyewe. Mkaniumiza pale mwandishi wenu alipofika kwa watu waliopiga ile albamu, akaandika kwamba dada huyo "alisindikizwa na wanamuziki wengineo wanaobadilika badilika", akaweka nukta, akahamia kwenye koti alilovaa kwenye picha. Chini kidogo akadokeza kwamba kukosa bendi ya kudumu ni dalili kuwa hajatulia bado, akifanikiwa ataipata.

Mimi ni mmoja wa hao wengineo. Sio wa dada huyo mliyemwandika, nampigia mtunzi mwingine, lakini kazi ni ileile. Naishi Nashville, Tennessee, napiga besi, na huu ni mwaka wa sita niko kwenye bendi ambayo sijawahi kuiona ikiwa na watu walewale kwa mwezi mzima. Kwa hiyo naomba nafasi niseme, na nitajitahidi nisiwachoshe.

Kwanza kwa ambao jina lenyewe ni geni. Americana sio ile country ya kofia kubwa na fataki za stejini, ni kama chungu kimoja ambamo imeingia country ya zamani, folk, bluegrass, blues, soul na rock ya kizamani, na kinachoshikilia vyote hivyo ni wimbo, yaani maneno na hadithi yake. Jina lilianza kushika mwaka 1995 jarida la Gavin lilipoanza kuchapisha chati ya redio yenye jina hilo, 1999 kikaundwa chama chao, Americana Music Association, hapahapa Nashville, na Grammy ya albamu bora ya Americana ikatolewa kwa mara ya kwanza 2010. Na kabla mtu hajasema huu ni muziki wa wazungu peke yao naomba akumbuke banjo asili yake ni Afrika, ilivuka bahari na watu waliopelekwa utumwani, na mpaka leo Wajola wa Senegambia wanapiga akonting, chombo cha nyuzi, ambayo ukiiona tu unajua hawa ni ndugu. Mwanamuziki Rhiannon Giddens wa North Carolina amehangaika miaka mingi kuwakumbusha Wamarekani wenzake jambo hilo na banjo yenyewe mkononi, namheshimu sana yule dada.

Sasa hiyo Grammy ya kwanza ya 2010 aliichukua nani? Levon Helm, mpiga drams kutoka Arkansas. Huyu mzee alianza kama "mwengineo" kabisa, alikuwa nyuma ya mwimbaji Ronnie Hawkins, halafu mwaka 1965 yeye na wenzake wakawa nyuma ya Bob Dylan, wakati ule Dylan, waliyemzoea kwa folk, kashika gitaa la umeme na watu wanamzomea usiku hadi usiku. Helm zile kelele zikamshinda, kabla mwaka haujaisha akaondoka akaenda kufanya kazi kwenye mtambo wa mafuta Ghuba ya Mexico. Fikiria, mtu mwenye mikono ile yuko baharini anachimba mafuta. Baadaye wenzake wakamwita akarudi, na kundi lao likaitwa The Band, Bendi tu basi, manake hivyo ndivyo walivyokuwa wakiitwa na kila mtu walipokuwa wasindikizaji. Kwa hiyo tuzo ya kwanza ya muziki uliobeba jina la Marekani ilienda kwa mtu aliyetokea nyuma ya jina la mtu mwingine, na mimi kila nikichoka huwa nalikumbuka hilo.

Turudi kwenye kubadilika badilika manake hapo ndipo makala yenu iliteleza zaidi. Mwimbaji Emmylou Harris kuanzia 1975 alikuwa na bendi yake, Hot Band, na ukifuatilia waliopita pale utachoka kuhesabu. James Burton alikuja na gitaa lake akitokea kwa Elvis, alipoondoka akaingia Albert Lee, Rodney Crowell alipita pale, Ricky Skaggs naye akapita pale, na hao wawili wa mwisho walipotoka wakawa majina makubwa wenyewe. Je, Emmylou Harris alikuwa hajatulia? Ile bendi ilikuwa chuo, watu wanaingia wanajifunza wanafundisha wanatoka, na yeye sauti yake ikawa inakutana na mikono mipya kila baada ya muda.

Kwa upande wa wanaojitegemea mimi mfano wangu ni mtunzi na mwimbaji Jason Molina, mtoto wa Lorain, Ohio, aliyefariki 2013. Miaka yake alipotoa albamu kwa jina la Songs: Ohia hakuwa na bendi kwa maana ya kawaida, kila albamu watu wake, na ile ya 2003 waliirekodi Chicago kwa fundi wa kurekodi Steve Albini wanamuziki wakipiga pamoja, na kuna nyimbo mbili humo hata hakuimba yeye, aliwaachia wenzake, mmoja Lawrence Peters na mwingine Scout Niblett. Mtunzi anaandika wimbo wake halafu anaukabidhi kwa koo la mtu mwingine kwenye albamu yake mwenyewe. Mtu asiyetulia hawezi kufanya vile, inataka moyo mpana sana.

Sisi Waswahili tuna neno zuri la kazi hii, deiwaka. Mwenye gari yupo, gari ni lake, wewe unashika usukani siku hiyo. Lakini deiwaka anayejua kazi hashiki tu usukani, anaijua barabara.

Nieleze usiku wangu wa kwanza na huyu mtunzi ninayempigia, naye ni dada. Nilipigiwa simu saa nane mchana, mpiga besi wake alikuwa na mtoto hospitali, shoo ni saa mbili usiku, nyimbo 14 na mimi najua mbili. Nikafika saa kumi na moja akanipa karatasi 14, kila wimbo karatasi yake, na hakuna noti hata moja, ni namba tupu zimeandikwa kwa mkono. Huu ndio mtindo wa Nashville, ulianza mwishoni mwa miaka ya 1950 na Neal Matthews wa kundi la waimbaji la Jordanaires, wapigaji wa studio kina Charlie McCoy wakaudaka wakauendeleza, na sasa bila huo hapa hupati kazi. 1 ni nyumbani kwa wimbo, 4 na 5 ni zile kodi za gitaa (chords, sauti kadhaa kwa pamoja) zinazohesabiwa kuanzia hapo nyumbani, mtu yeyote aliyewahi kukaa na bendi anazijua, namba ikiwa na kistari pembeni ni maina, ile kodi yenye huzuni, ikizungushiwa almasi maana yake piga mara moja uiache ilie hesabu zote nne usiiguse.

Uzuri wake niliuona saa moja na nusu. Yule dada ninayempigia akaja nyuma ya steji sauti imekwaruza, akasema jamani koo langu leo halipandi, tushuke toni moja nzima nyimbo zote. Kwa karatasi za noti hapo ingekuwa kilio, nyimbo 14 kuandika upya na watu wameshaanza kuingia ukumbini, lakini kwa namba karatasi ni zilezile, 1 bado ni 1, wimbo umehama nyumba tu, uliokuwa G sasa uko F, twende kazi. Hakuna aliyebishana hata. Watu watano ambao watatu wetu tulikuwa tumefahamiana saa mbili zilizopita tukapanda tukapiga.

Na usiku huohuo kulikuwa na mzee mmoja kwenye gitaa la stili la pedali, lile linalokaa kama meza, nyuzi kumi, unakanyaga pedali kwa mguu wa kushoto, magoti yanasukuma vishikizo huku na huku, mkono mmoja una chuma unachokitelezesha juu ya nyuzi na mguu wa kulia uko kwenye pedali ya sauti, yaani mwili mzima uko kazini na usoni haonekani kufanya chochote. Kuna wimbo wake dada kuhusu nyumba ya mama yake iliyouzwa. Ubeti wa kwanza mzee hajagusa. Wa pili hajagusa, mimi namwangalia kwa pembeni nikawaza labda hana karatasi, nikataka hata kumsogezea yangu. Ubeti wa tatu, pale anapotaja funguo zinaachwa juu ya meza ya jikoni, mzee akaingia na sauti moja tu, alianza mguu ukiwa juu kabisa husikii kitu halafu akaukandamiza taratibu, ikaja kama mtu anafungua mlango wa chumba cha pili. Dada aligeuka kutoka kwenye maiki akamwangalia, na ule mstari uliofuata aliuimba akiwa amemgeukia yeye, sio watu. Nilikosea namba moja pale, sijutii.

Miezi mitatu baadaye tulikuwa Austin, Texas, mzee hayupo, kwenye kundi la Texas kuna mama anapiga fidla na kijana wa drams ambaye anatumia brashi badala ya vijiti. Nikawa nasubiri ule mstari wa funguo kujua nani ataujaza. Hakuna aliyeujaza. Mama akashusha fidla kifuani, kijana akanyanyua brashi zake juu, ikabaki sauti ya dada na besi yangu inapumua chini, halafu hata mimi nikaacha. Ukumbi mzima kimya, mtu akiweka glasi unasikia. Wimbo uleule, namba zilezile, karatasi ileile yenye alama ya kahawa yangu, na sio wimbo uleule kabisa. Siku hiyo ndio nilielewa kwamba dada anachagua, anajua Tennessee ana nani na Texas ana nani na wimbo gani ampe nani, na aliwahi kunieleza kwamba nyimbo zake zikipigwa na watu walewale muda mrefu yeye mwenyewe anaacha kuzisikia. Hiyo kubadilika badilika mliyoiandika kama upungufu ni nusu ya utunzi wake.

Hela nayo ipo, sitaificha. Mtunzi anayejitegemea hawezi kuweka watu watano kwenye mshahara. Mimi shoo ya mjini napata dola 100, ya safari dola 200 na chumba tunalala wawili, na najua kuna usiku yeye mwenyewe anarudi na pungufu ya hapo, nimemwona akihesabu juu ya boneti ya gari. Hela yake nyingi inatoka kwenye meza ya fulana na santuri pale mlangoni na kwenye Bandcamp, mtandao wa kuuzia muziki, ambao wanakata asilimia 15 kwenye muziki wa kupakua na 10 kwenye vitu vya mkononi. Kwingine ni makombo. Spotify tangu 2024 wimbo usipofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 rekodi yake hailipwi kitu, na kwa mtu wa ngazi yake kuna nyimbo nzuri sana zinaangukia hapo.

Sasa kama yeye hali ni hiyo, sisi wa nyuma je. Sheria ya Marekani iko hivi: wimbo ukipigwa kwenye redio ya kawaida ya FM, mtunzi analipwa kupitia vyama kama ASCAP na BMI, lakini aliyeimba na waliopiga vyombo hawapati hata senti, ukipigwa mara moja au mara elfu moja. Redio za satelaiti na zile za intaneti zinazojipigia zenyewe angalau zinalipa, ila mgao wake ni huu, kwenye kila dola 100, 50 ni za mwenye rekodi, 45 za msanii mwenye jina, na 5 zilizobaki ndio za sisi wote wa nyuma, nusu ya wapiga vyombo nusu ya waitikiaji. Yaani dola mbili na nusu ya drams, besi, stili, fidla, kinanda na yeyote mwingine aliyeshika kitu. Na kwenye Spotify na wenzake ambako mtu anachagua wimbo anaoutaka, sheria haikututengea hata hiyo, ni mkataba wako tu, na mkataba wa deiwaka unajulikana, unalipwa siku ya studio umemaliza.

Mhariri, mimi silalamikii wimbo kuwa wa mtunzi. Wimbo ni wake. Yeye ndiye aliyekaa na ile nyumba ya mama yake kichwani miaka yote, mimi nilikuja saa kumi na moja jioni nikapewa karatasi. Ninachosema ni kwamba hela ikiwa ndogo hivyo kinachobaki kutulisha ni jina. Mtu anasikia besi kwenye wimbo wa pili, anaipenda, anatafuta nani kapiga, anakupigia. Hiyo ndiyo CV yetu, hatuna nyingine.

Nasema kwa sababu limenikuta. Mwaka juzi nilirekodi nyimbo tatu kwa mtunzi mwingine, siku mbili studio, na moja ya zile besi naiona mpaka leo kama kazi yangu nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, niliipiga kwa besi la zamani nyuzi zimechakaa makusudi ili isilie sana, tukairudia mara nne na ya nne tukanyamaza wote. Albamu ikatoka mtandaoni tu, haikuchapishwa santuri wala CD, kwa hiyo hakuna karatasi ya ndani, na waliopandisha nyimbo hawakujaza sehemu ya wapigaji. Jina langu halipo popote. Nikauliza, wakaomba radhi, wakasema watarekebisha. Miezi ikapita. Baadaye nikaja kukutana na jamaa wa Memphis kwenye shoo ya watu wengine, tunapiga stori, akaniambia alikuwa anatafuta mtu wa besi wa albamu yake, aliusikia wimbo fulani akampenda sana aliyepiga, akahangaika wiki nzima kumjua hakumpata, akachukua mtu mwingine. Akanitajia wimbo. Nikakaa kimya kama dakika nzima kabla sijamwambia ni mimi. Ilikuwa albamu ya nyimbo kumi na kodi yangu ya nyumba ya miezi miwili.

Kwa hiyo gazeti likiandika "wengineo", na mtandao nao umeandika hivyohivyo kwa kuacha patupu, basi huyo mtu hayupo tena mahali popote duniani, na sauti yake bado inasikika.

Ninachoomba ni kidogo. Mkiandika albamu ya mtunzi kama huyu wekeni mstari mmoja wa majina, nani besi, nani drams, nani stili, nani aliitikia, na wapi walirekodi. Wasiporodhesha mtandaoni muulizeni mtunzi mwenyewe, hawa wanaojitegemea wanajibu barua pepe zao wenyewe na orodha wanayo kwenye daftari, na wengi wao watafurahi kuulizwa hilo kuliko kuulizwa koti. Nafasi ikibana punguzeni picha. Msomaji akishaona jina lilelile la mpiga stili kwenye albamu tatu za watu watatu tofauti atapata hamu ya kuzitafuta zote tatu, ndivyo mimi nilivyoujua huu muziki, sikuanzia kwa waimbaji, nilianza kwa kufuata jina moja la mpiga besi nyuma ya santuri ya kuazima.

Na lile neno la kutotulia naomba mliangalie upya. Alhamisi iliyopita tulimaliza shoo tukiwa sita, wawili wapya kabisa. Dada huwa hamalizi bila kutaja watu wote, mpaka fundi wa sauti na anayeuza fulana mlangoni. Jina langu la Kiswahili lilimsumbua sana mwanzoni, silabi zilikuwa zinamkimbia, siku zile za kwanza alikuwa ameliandika kwa kalamu ya wino kwenye kiganja cha mkono wa kushoto, limekatwa vipande vipande jinsi linavyotamkwa, nililiona alipokuwa anashika shingo ya gitaa. Siku hizi haandiki tena. Alhamisi alilitaja lote mpaka herufi ya mwisho, na wale wawili wapya niliona kalamu imepaka mkono wake tena.

Hiyo albamu mliyoiandika Jumapili nimeisikiliza mara tano tangu siku ile. Kwa masikio yangu wamepiga watu saba. Nimeuliza uliza huku kwa wapigaji wenzangu nimeshapata majina ya wanne, wa besi ni mmoja wao, nimeyaambatanisha chini ya barua hii na vyombo walivyopiga, wao wenyewe wamekubali yachapishwe. Watatu waliobaki bado nawatafuta, nikiwapata nitawaandikia tena.

Wenu,
Mpiga besi,
Nashville, Tennessee